Binti wa Pili

Bonge alikuwa na sabuni machoni, na mtaa mzima ulipaswa kujua.

"Yanawasha! Mama Mdogo, yanawasha!"

"Fumba macho. Ukifumbua ndiyo yanazidi. Haya, inama hapa."

Alimmwagia kopo la maji kichwani. Maji yakateremka juu ya lile tumbo lililompa mtoto jina lake, yakaishia kwenye beseni. Kaka mtu, ambaye kila aliyemjua alimwita Wakili kwa kuwa hakuwahi kukubali kosa bila kulitetea kwanza, alikuwa amesimama pembeni na taulo kiunoni. Yeye amekwisha kuoga, anasubiri mafuta.

"Mama Mdogo, nina swali."

"Kama ni la viatu, utavipiga rangi mwenyewe."

"Si la viatu. Kwa nini kidevu cha Bonge kinasuguliwa mara mbili na changu mara moja?"

"Kwa sababu Bonge anakula na kidevu."

Wakili aliwaza. "Hiyo kweli," akasema, na shauri likaishia hapo.

Mama Mdogo akacheka peke yake. Kwao, kwa mama yake, aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi. Mbele yake alikuwapo kaka, na kati yao dada. Sasa dada hakuwapo. Alikuwa amekufa akimzaa huyu huyu anayelia sabuni, na Kitinda akaja katika nyumba hii siku za msiba, na begi dogo, kuwasaidia mpaka mambo yatulie. Bonge wakati huo alikuwa kitu cha kubebwa kwenye mkono mmoja. Sasa alikuwa na miaka minne, na lile begi dogo lilikuwa juu ya kabati, limejaa nguo zisizowatosha tena wavulana.

Katika miaka hiyo alijifunza kupasha maziwa macho yamefumba. Alijifunza kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha deko. Alipata kazi ya ualimu wa chekechea karibu na nyumbani, na Bonge alipofikia umri akaingia darasani kwake, ambako aliambiwa amwite Mwalimu, akasahau kila baada ya dakika tano. Na katika miaka hiyo hiyo, pasipo mtu kumtuma, alimpenda baba yao.

Baba yao alikuwa pale uani, amepiga goti nyuma ya friji la jirani, bisibisi mdomoni. Alikuwa fundi wa mafriji, mrefu, mpole, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kuinua vitu vizito na kuviweka chini taratibu. Yeye alimwita Kitinda shemeji. Kitinda naye alimwita shemeji. Waliishi kama watu wawili waliobeba meza ndefu, kila mmoja upande wake: wanatazamana kila siku, meza iko katikati, na hakuna anayethubutu kuiachia.

Hawakuwa wameambiana neno. Lakini bawaba ya mlango wa chumba cha Kitinda ilipolegea, asubuhi alikuta imekazwa. Alipochelewa kurudi kutoka kazini, alikuta chai yake imefunikwa kwa kisosi. Na wakati Wakili alipougua homa, walipokesha wote wawili kila mmoja na kitambaa chake cha maji, Fundi alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akainamisha macho kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu.

"Hodi humu!"

Kitinda aliitambua sauti ile. Alimfunga Bonge taulo na kuinuka, mikono inachuruzika maji.

Kaka yake alikuwa langoni. Muuza matairi, mnene, mwenye haraka hata anapokuwa hana pa kwenda. Wavulana walimrukia, akawapapasa vichwa, lakini hakucheka. Alipokaribishwa sebuleni alikaa ukingoni mwa kiti.

"Shule zimefungwa?" aliuliza.

"Tangu juzi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amenituma. Funga nguo zako, tunaondoka leo."

Fundi, aliyekuwa ameingia akijifuta mikono, alisimama mlangoni. Kitinda alimtazama kaka yake, akamtazama yeye, akarudi kwa kaka yake.

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Kuna maneno." Kaka alikohoa. "Siku ile ya sherehe ya watoto shuleni kwenu, binti wa jirani yetu alikuwepo. Amemsikia mtoto anakuita Mama mbele ya watu wote. Si Mama Mdogo. Mama. Na wewe ukaitika."

"Nilitakiwa kumjibuje? Nimwambie kwenye kipaza sauti kwamba mama yake amekufa?"

"Sikulaumu. Lakini mwanamke mzima na mwanaume mzima, nyumba moja, miaka yote hii. Watu wana midomo. Na yule mhasibu anayetaka kukuoa amerudi tena kuulizia. Mama anasema safari hii asirudishwe mikono mitupu." Akamgeukia Fundi. "Shemeji, wewe ni mtu mwelewa. Una la kusema?"

Sebule ilikuwa ndogo, na ghafla ikawa ndogo zaidi. Kitinda alikuwa akisubiri. Hakuhitaji hotuba. Neno moja tu lingemtosha, hata kama lingekuwa baya, mradi liwe lake.

Fundi aliutazama mkono wake wenye grisi.

"Ana haki ya kuwa na maisha yake," akasema.

Kitinda aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Baada ya kitambo alisikia hatua za Fundi nyuma yake.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Mama amekuita. Si vizuri kumkatalia."

"Hilo la Mama nimelisikia. Nauliza lako."

Alisikia pumzi yake. Alimsikia akianza neno na kulimeza.

"Mimi nasema... umetusaidia sana. Sana. Sitasahau."

"Nimewasaidia." Kitinda alilirudia lile neno polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake. "Na kesho nani atawaogesha?"

"Usijali kuhusu hilo. Nitatafuta dada wa kazi."

Kikombe kilikaa kwenye sahani yake bila mlio. Kumbe nafasi yake katika nyumba ile ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni hilo. Mtu angetoka mtaani, angeonyeshwa ndoo iko wapi na chumvi iko wapi, na pengo lingezibika.

"Sawa," akasema. "Mwambie huyo dada kuwa Bonge hanywi dawa mpaka amhesabie tatu. Akifika nne, mtoto anakataa. Na Wakili akinyamaza sana ajue ana homa, asidhani ametulia. Soksi zao ziko kwenye droo ya chini."

"Shemeji, usikasirike."

"Sijakasirika."

"Nimesema vibaya."

"Umesema vizuri. Nimekuelewa." Aligeuka kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu, na Fundi aliona afadhali yangelia. "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza mimi ni nani humu ndani. Leo nimejua. Sogea nipite, tafadhali."

Akasogea.

Wavulana walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango, wamevaa, wamechanwa nywele, hawana habari. Bonge alimwona na begi akadhani wote wanasafiri, akakimbia kutafuta viatu. Wakili hakukimbia. Alilitazama begi, akamtazama usoni.

"Unaenda wapi?"

"Naenda kumsalimia Bibi."

"Utarudi lini?"

Hakuwahi kumdanganya mtoto huyu, hata kuhusu sindano.

"Sijui, mwanangu."

"Sijui si siku," alisema Wakili.

Alimbusu utosini, akambusu na Bonge aliyekuwa ameingiza mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto, akatoka kabla mtoto hajamaliza kukivaa. Nyuma yake alimsikia mdogo akiita, kwanza kwa furaha, halafu kwa mshangao, halafu kwa sauti ile ambayo miaka yote ilimfanya aache chochote alichoshika na kukimbia. Safari hii hakugeuka. Kaka yake alimshika kiwiko mpaka wakafika kituo cha basi, na kwa mara ya kwanza maishani kaka huyo mwenye haraka alitembea polepole.

*

Nyumbani kwa mama yake kitanda kilikuwa kile kile walicholalia yeye na dada yake walipokuwa wasichana. Upande wa ukutani ulikuwa wa dada. Kitinda alilala upande wake ule ule wa nje, akauacha wa ukutani wazi, kila usiku, bila kujua kwamba anauacha.

Mama hakumuuliza kitu kwa siku kadhaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyezoea kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Alimwona bintiye anaamka alfajiri bila sababu, anakwenda hadi mlangoni kama anayekwenda kumwamsha mtu, anasimama, anarudi. Alimwona anakata mkate vipande vidogo vidogo, vya kutosha mdomo wa mtoto, kisha anavitazama. Mhasibu alikuja mara moja, akakaa, akanywa chai, akasifu hali ya hewa, akaondoka.

Siku moja mchana waliketi kwenye mkeka wakichambua mchele.

"Yule kijana ni mtu mzuri," alisema Mama.

"Najua."

"Hanywi, havuti."

"Najua, Mama. Hata kucheka hacheki."

Mdomo wa Mama ulitaka kutabasamu, akauzuia. Aliendelea kutoa mawe madogo, anayatupa pembeni.

"Nitakuuliza jambo, na usinipe jibu la kunifurahisha. Unampenda mume wa dada yako?"

Vidole vya Kitinda vilisimama.

"Nampenda."

"Au unawapenda wale watoto, na yeye yumo humo humo kama chuya ndani ya mchele?"

"Watoto niliwapenda siku ile ile ya kwanza. Yeye nilichelewa. Tena nilipigana nalo, Mama. Nilikuwa nikifungua kabati, naona nguo za dada zimekunjwa alivyozikunja mwenyewe, najiona mwizi. Mwaka mzima sikumtazama usoni. Lakini mtu unakaa naye, unamwona anashona kifungo cha mtoto kwa uzi wa rangi nyingine kwa sababu hajui, unamwona anatoka nje kulia ili watoto wasione. Sikupenda nimpende. Nilijikuta tu."

"Na yeye?"

"Yeye anatafuta dada wa kazi." Aliinua ungo, akapepeta kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. "Kwa hiyo usiogope. Hakuna wa kukuchukua binti yako."

Mchele ulikwisha na hakuna aliyeinuka.

*

Walikuja Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wakati hata kuku wamejibanza kivulini. Kitinda alikuwa akianika nguo. Alisikia hodi, akajiambia si yeye. Sauti ilipopiga hodi tena, kibanio kilimdondoka.

Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu. Nyuma lilikuwa na mikunjo kama ramani. Wakili alikuwa amevaa viatu vilivyong'aa. Alimwona, akaanza kukimbia, katikati ya njia akakumbuka kwamba ni mtu mwenye hadhi, akamalizia kwa kutembea, akamkumbatia kiuno na kuficha uso. Bonge hakuja. Alisimama nyuma ya mguu wa baba yake, ameshika suruali, anatazama pembeni.

"Bonge. Hunisalimii?"

Mtoto alizidi kujificha nyuma ya mguu.

Kitinda alichuchumaa. "Baba, ni mimi."

Mtoto alimtazama kwa jicho moja. "Umemaliza kusalimia?"

"Nini?"

"Ulisema unamsalimia Bibi. Umemaliza?"

Ndipo machozi yalipomtoka, yale yote aliyoyabana tangu jikoni kule. Alijifuta kwa nguo mbichi iliyokuwa begani. Fundi alipiga hatua moja, akajizuia, kwa kuwa Mama alikuwa ametokea mlangoni.

"Karibuni," alisema Mama. Sauti haikuwa baridi wala moto. "Watoto nendeni nyuma mkaangalie vifaranga. Msiwashike. Nanyi piteni ndani."

Kaka naye aliitwa. Walikaa sebuleni, wanne, na juu ya meza chai ambayo hakuna aliyeigusa. Picha ya dada ilikuwa ukutani, amechekeshwa na mpiga picha. Fundi aliiona, akaegemea mbele, viwiko magotini.

"Mama, sina ufundi wa maneno," alianza. "Nitasema kama yalivyo. Kaka alipokuja kumchukua, alinipa nafasi ya kusema, nikanyamaza. Baadaye yeye mwenyewe akanipa nafasi nyingine, nikasema upuuzi. Nilidhani nafanya uungwana. Nilijiambia, msichana huyu amemaliza ujana wake kwenye nepi za wanangu, nikimwomba abaki atabaki kwa huruma, na huo utakuwa wizi. Bora aende."

"Halafu?" alisema Kaka.

"Halafu nikatafuta dada wa kazi."

Kitinda aliinamisha kichwa.

"Nikampata," Fundi aliendelea. "Mama mmoja mtu mzima, hodari. Anapika, anafua, watoto wanalala mapema, nyumba inanukia usafi. Kila kitu kimekaa mahali pake. Na mimi nikawa narudi kutoka kazini, nasimama mlangoni, siingii. Nikagundua kwamba sikuwa nimekosa mpishi." Akamgeukia Kitinda, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha macho. "Watoto wana mtu wa kuwaogesha. Sikuja kwa ajili yao. Nimekuja kwa ajili yangu. Sitaki tena kukuita shemeji."

Nje Wakili alikuwa akimweleza mdogo wake haki za kifaranga.

Kaka ndiye aliyehema kwanza. "Bwana wee. Na ulikuwa unangoja nini miaka yote hiyo?"

"Wewe tulia," Mama alimwambia. Alikuwa amekaa wima, mikono imelala mapajani. Alizungumza bila kumtazama Fundi, kana kwamba anazungumza na chai. "Mimi nilikupa binti. Ulikuja hapa hapa, ukakaa kiti hicho hicho, na shati jeupe. Nikakupa kwa moyo mweupe. Ukanirudishia kwenye jeneza."

"Mama!" Kitinda alisimama.

"Kaa. Sijamaliza." Akasubiri mpaka akae. "Sisemi uliniulia. Ulimpeleka hospitali mapema, ulimuuguza, ulimzika kwa heshima, najua yote hayo. Sikulaumu. Nakuogopa. Ukipita mlango ule naona msiba unapita. Sasa unakuja kuniomba wa pili. Nikikupa, kesho atabeba mimba, na mimi nitakaa hapa miezi yote hiyo nikingoja simu kama ile. Nina moyo mmoja tu, baba. Umekwisha kupigwa."

"Mimi pia naogopa, Mama," alisema Fundi. "Siwezi kukuahidi kwamba hakuna kifo. Ningekudanganya."

"Afadhali umesema hivyo," alijibu Mama. "Ungeniahidi ningekufukuza."

Kitinda alitazama mmoja, akatazama mwingine. Wote wawili walikuwa wakimlilia mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa chumba, na katika miaka yote hawakuwahi kulia pamoja.

Ndipo mlango wa nyuma ulipobamizwa. Bonge aliingia mbio, miguu ameibana, anaruka ruka, mikono yote miwili kwenye kaptula.

"Kifungo! Kifungo hakifunguki! Mkojo unakuja!"

Kaptula ilikuwa mpya na kifungo kigumu. Kitinda aliinuka, Fundi aliinuka, lakini aliyekuwa karibu na mlango alikuwa Bibi, na kwa Bonge wakati ule mtu mzima yeyote alikuwa sawa. Alisimama mbele yake, akatoa tumbo.

"Bibi, fungua! Haraka!"

Mama hakusogea. Mikono yake ilibaki mapajani kama imegandishwa. Kitinda alimwona mama yake akikitazama kile kitumbo, lile jasho juu ya mdomo, na hofu isiyofichika ikapita usoni mwa yule mwanamke aliyekwisha kuzika mume na mtoto bila kuanguka.

"Bibi!"

Mikono ikanyanyuka. Ilichezacheza kwenye kifungo, ikateleza, ikashika tena. Bonge, ili asianguke, alimwekea Bibi kiganja kichwani, akamwegemea kwa uzito wake wote, kama mtoto anavyoegemea kitu anachojua hakitaondoka. Kifungo kikaachia. Mtoto akaondoka kama risasi, kaptula magotini, na kutoka uani wakasikia sauti ya Wakili, "Usinimwagie!"

Mama aliendelea kuinama pale pale, mikono hewani.

"Miaka minne," alisema. "Sijawahi kumgusa."

"Mama, umewahi," alisema Kaka kwa upole. "Si walikuwa wanaletwa?"

"Nilikuwa nashika mkubwa. Huyu akija mimi nilijitia jikoni. Nilikuwa naogopa nikimshika nitamchukia. Nilijiambia, huyu ndiye aliyetoka hai, mwanangu hakutoka." Akafunika uso kwa viganja. "Anajua hata kuniita Bibi. Nani alimfundisha?"

"Mama Mdogo wake," alisema Fundi. "Kila usiku alikuwa akiomba nao, wakiwataja watu wote kwa majina. Wewe ndiye wa kwanza."

Kilio cha Mama hakikuwa na sauti. Kilikuwa mabega tu. Kitinda alipiga magoti sakafuni, akamkumbatia kiuno vile Wakili alivyomkumbatia yeye, na alipoinua macho alimwona Fundi amepiga goti upande wa pili, lile shati jeupe limejikunja zaidi, hajui aweke wapi mikono. Mama ndiye aliyeupapasa mmoja na kuushika.

Muda ulipita. Kaka alitoka kwenda kuwatazama watoto, akijipangusa macho na kusema kuna vumbi.

"Sikiliza," Mama alisema alipoweza kusema. "Mimi leo sisemi ndiyo. Ndiyo ni neno zito, siwezi kulinyanyua siku moja. Lakini mhasibu aambiwe asije tena."

"Ndiyo, Mama," alisema Kitinda.

"Na kama itatokea," alimnyooshea Fundi kidole, "kama itatokea akabeba mimba, hakuna kunipigia simu. Mimi nitakuwa kwako kuanzia siku ya kwanza. Nitalala sebuleni. Nitakwenda naye kliniki, nitakaa mlangoni pa chumba cha kuzalia, daktari atanikuta hapo na kuniacha hapo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na yule mama wa kazi usimfukuze. Huyu ni mwalimu, si dobi."

Kitinda alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Fundi alimtazama juu ya kichwa cha mama yake, na safari hii hapakuwa na meza kati yao, wala cha kubeba. Alinyoosha mkono wake wa pili. Kitinda aliushika. Ulikuwa mkavu, mzito, wenye kovu dogo la kukatwa na bati ambalo, lilipokuwa kidonda, alikuwa amelifunga bandeji yeye mwenyewe bila kuthubutu kulishika sawasawa. Sasa alilishika.

"Sasa nitakuitaje?" Fundi alinong'ona.

"Utafikiri njiani," alimjibu. "Leo huendi nami. Mama hajasema ndiyo."

"Nitakuja Jumapili ijayo."

"Njoo na watoto. Na shati lipige pasi na mgongoni."

Jua liliposogea, Bonge alirudi ndani amechoka, magoti yana vumbi, hasira zake zote amezisahau nje pamoja na vifaranga. Alisimama katikati ya sebule, akawatazama watu wazima wenye macho mekundu, akachagua. Alipanda kiti cha Bibi bila kuomba ruhusa, akajiviringisha mapajani mwake, akapiga miayo, akalala hapo hapo.

Mama hakutikisika. Alikaa hivyo wakati chai ilipopashwa moto upya na kunywewa. Alikaa hivyo Wakili alipomweleza kwa urefu kwa nini jogoo hana haki ya kula kwanza. Kivuli cha dirisha kilitambaa sakafuni hadi miguuni pake, na bado alikaa, anamtazama yule mtoto usoni kama mtu anayesoma kitu alichokiogopa miaka mingi na kukuta hakikuandikwa alivyodhani.

Saa ya basi ilipokaribia, Kitinda alimjia taratibu, mikono mbele.

"Nipe, Mama. Ni mzito huyu. Mkono utakufa ganzi."

"Umekwisha kufa ganzi zamani," alisema Mama, na akamgeuzia bega. "Mwache. Mkono ni wangu."